Usishuke Echo Park na RV: lami ikiisha, geuza

Mkuu, futa siku ya tatu kwenye ratiba yako, ile ya kushuka Echo Park, bonde lililo chini ya korongo. RV, yaani gari-nyumba, ya futi 30 haishuki huko, hata kama aliyekwambia inashuka aliapa. Umeuliza pia watoto wataona nini na njia ya kwenda Monument Valley, mpakani mwa Utah na Arizona. Naanza na hiyo siku ya tatu kwa sababu ndiyo itakayokumaliza.

Barabara ya Echo Park inachepuka kutoka Harpers Corner Road, ndani ya Dinosaur National Monument, hifadhi ya Marekani iliyo kati ya majimbo ya Colorado na Utah, upande wa Colorado. Ni maili 13, karibu kilomita 21, bila lami. Kuna kona kali na mteremko unaofika asilimia 14, na ukishaingia kwenye kona zile huna pa kugeuzia gari refu. Sasa litazame gari lenyewe. RV iliyoundwa juu ya chasi ya Ford E-450 inaruhusiwa kufika ratili 14,500 ikiwa imejaa, yaani tani sita na nusu. Nyuma ya ekseli kuna mkia mrefu unaoning'inia, na bomba la majitaka liko chini huko huko. Kila mkondo mkavu unaokata barabara, tairi za mbele zinapanda, mkia unakwaruza, bomba linang'oka. Mawe nayo yanajibana kati ya tairi pacha za nyuma na kuzichana ubavuni.

Hapo ni kukiwa kukavu. Mvua ikinyesha, udongo ule wa mfinyanzi haupitiki hata kwa 4x4. Nchi ile imejaa matabaka ya namna hiyo. Lile la Morrison, linalotoa mifupa ya dinosaria, lina majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa bentonaiti, udongo unaofyonza maji na kuvimba. Unaganda kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko, na ukikanyaga mafuta unachimba kaburi la gari. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua za radi huja mchana ghafla. Unaweza kushuka asubuhi jua linawaka, jioni ukashindwa kupanda, na simu haina mtandao.

Halafu bima. Mikataba mingi ya kukodi RV inakataza barabara zisizo na lami, na uharibifu wa chini ya gari haulipwi. Maana yake gari la kuvuta, bomba, tairi, chasi, vyote vinatoka mfukoni kwako. Kuvuta mzigo wa tani sita kutoka kwenye korongo ni maelfu ya dola.

Wanaoniudhi ni hawa wanaokukabidhi funguo. Wanakuonyesha jiko, choo na jenereta kwa tabasamu, kisha wanakwambia "hii inafika popote", wakati karatasi uliyotia saini inasema kinyume! Ramani ya simu nayo haijui kama umepanda pikipiki au nyumba. Inachojua ni njia fupi.

Kwa hiyo shika hili: lami ikiisha, geuza. Usiseme "nijaribu maili moja tu", maana maili hiyo utairudi kinyumenyume. Kila jioni, ukiwa bado na mtandao, pitia njia ya kesho kwa picha za setilaiti mpaka mwisho, pakua ramani kwenye simu, na mahali ukiwa na shaka piga simu kituo cha wageni uwaulize: ni lami mpaka wapi? Ukilazimika kurudi nyuma, mtu ashuke asimame upande wa dereva, aonekane kwenye kioo. Usipomwona, simama.

Korongo utaliona vizuri tu bila kushuka. Harpers Corner Road ina lami yote, kama maili 31 kwenda, ingawa theluji huifunga majira ya baridi. Simama Echo Park Overlook, kisha mwisho wa barabara tembeeni njia ya maili 3 kwenda na kurudi. Mito ya Green na Yampa inakutana chini yenu, na jabali la Steamboat Rock liko wazi kabisa. Mkitaka kuwa chini ya kuta zenyewe, kuna safari za siku moja za boti ya mpira kupitia Split Mountain.

Watoto wasitafute mifupa ya dinosaria upande wa Colorado, hakuna ya kuona. Ukuta wa mifupa takriban 1,500 uko Utah: kutoka mji wa Jensen fuata barabara ya 149 kama maili 7, lami tupu. Ni pale mtafiti wa mifupa ya kale Earl Douglass alipokuta mifupa minane ya mkia wa dinosaria aitwaye Apatosaurus mwaka 1909. Mingine wanaruhusiwa kuigusa kwa mikono.

Na njia ya Monument Valley: ukitoka Natural Bridges, hifadhi nyingine ya Utah, simu itakupeleka barabara ya 261, uteremke Moki Dugway, mteremko wenye kona kali. Maili 3 za changarawe, asilimia 11, na kibao kinachowaonya wenye magari ya zaidi ya futi 28. Ikatalie. Chukua 95 hadi karibu na Blanding, 191 kusini hadi Bluff, kisha 163 hadi Mexican Hat. Ni mzunguko, lakini ni lami mwanzo hadi mwisho.