Jibu: Columbo alimshukuje Ken Franklin?

Dada, umeuliza utamu wa Columbo, ile tamthilia ya runinga ya mpelelezi mwenye jina hilo, uko wapi ilhali muuaji tunaonyeshwa mapema, na mpelelezi huyo alimshukuje Ken katika "Murder by the Book", kile kipindi cha 1971 alichokiongoza Steven Spielberg akiwa bado kijana. Utamu uko papo hapo: hatutafuti nani ameua, tunangoja kuona atanaswa vipi.

Ken anampeleka mwandishi mwenzake, Jim, kwenye nyumba yake ya mapumziko karibu na San Diego. Anamshawishi ampigie mkewe simu na kusema yuko ofisini Los Angeles, kisha anampiga risasi simu ikiwa bado hewani. Mke amesikia mlio kwa masikio yake, kwa hiyo kila mtu anaamini mauaji yametokea ofisini. Mpango mkali kabisa!

Sasa tazama habari zinapomfikia Ken. Anarudi kwa gari, taratibu, wakati ndege zipo. Hapa Kisumu, simu ya msiba ikiingia kutoka Nakuru usiku, nani hangojei gari la kwanza kabisa? Columbo aliliona hilo. Kisha maiti inapatikana nje ya nyumba anayoishi Ken, naye anakaa kufungua barua na bili zake. Kwangu hilo la bili ndilo zito zaidi, maana linaonyesha moyo wake.

Ukirudia kukitazama, mwangalie vizuri Lilly, yule mwenye duka ambaye Ken anamuua pia. Mimi bado namhurumia, na Peter Falk, mwigizaji wa Columbo, anaigiza kama naye anamhurumia.