Kilo 190 zikianguka, kamba haivutwi kwa kilo 190

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mwembe wa zamani nyuma ya nyumba, hapa Tanga. Matawi yameshakatwa, limebaki shina la kama mita sita, unene wake sentimita 40, na bati la jiko liko karibu nalo upande mmoja. Kijana ninayetaka kumpa kazi Jumamosi atapanda, afunge kapi shinani, akate vipande vya mita moja na nusu na kuviteremsha kwa kamba. Nimenunua kamba ya bluu ya nailoni, milimita 14. Muuzaji amenihakikishia inabeba tani mbili na nusu. Inatosha, au nichukue ya milimita 16?

JIBU: Marahaba. Usichukue ya 16, na hiyo ya 14 usiitumie kwa kazi hii.

Swali lako naulizwa karibu kila wiki, na kila mara linakuja na tani za muuzaji. Wengine huongeza kwamba kamba hiyo imeshavuta lori lililokwama kwenye matope. Lori huvutwa polepole, kamba ikiwa imeshakaza. Shina linaanguka, na hapo ndipo hesabu yote inapobadilika.

Tuanze na uzito wenyewe. Mti mbichi mimi nauhesabu kama maji, lita moja kilo moja, nisije nikajidanganya. Kipande cha sentimita 40 kwa mita moja na nusu ni lita 188. Basi tuseme kilo 190. Kwa kuwa juu yake hakuna tena tawi la kufungia, kapi litakaa chini ya mkato. Maana yake kipande kikikatwa kitapinduka na kushuka, labda mita mbili, ndipo kamba ikidake. Tuchukulie kwamba kamba itanyumbuka sentimita 40 hadi kukisimamisha. Katika hizo sentimita 40 inalipa mwanguko wote, sentimita 240 tangu mwanzo hadi kipande kisimame: gawanya 240 kwa 40, wastani wa nguvu ni mara sita ya uzito, yaani zaidi ya tani moja. Na kwa kuwa kamba hukaza kadiri inavyonyumbuka, pale mwisho inaweza kufika maradufu ya wastani huo, tani mbili na ushee. Kwenye kapi ni zaidi, kwa sababu pande mbili za kamba zinavuta chini kwa pamoja: inakaribia tani nne na nusu. Hapo ndipo kijana wako amejifunga mkanda, kwenye shina hilohilo.

Sasa tani mbili na nusu za dukani. Hicho ni kiwango cha kamba mpya kukatika, ikivutwa taratibu, imenyooka, haina fundo. Ukishapiga fundo umepoteza theluthi hivi, wakati mwingine nusu. Umebakiwa na tani moja na robo tatu ukibahatika, na mzigo unakuja na tani mbili.

Halafu hiyo kamba uliyonunua huenda si nailoni hata kidogo. Kata kipande kifupi ukitie kwenye ndoo ya maji. Kikielea, ni polipropilini. Nailoni huzama, na wavuvi wanalijua hili vizuri. Polipropilini huchakazwa na jua na huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi. Ikikimbia kwa kasi juu ya gome, hutokea doa linalong'aa, gumu, kama nta ya mshumaa iliyopoa. Nimezishika kamba za namna hiyo mara nyingi, na mwenyewe anakwambia bado nzima.

Kinachonikasirisha ni kwamba wauzaji na mafundi wa kubahatisha wameligeuza suala hili kuwa la unene wa kamba. Kamba nene isiyonyumbuka inayofungwa moja kwa moja chini hukidaka kipande ghafla zaidi, na nguvu yote inahamia shinani na kwa aliyepanda. Kinachookoa ni kipande kifupi, mwanguko mdogo, na msaidizi wa chini anayeiachia kamba iteleze kidogo kidogo ikiwa imezungushwa kwenye mti mwingine imara. Mti uishike, mkono uongoze tu. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi na mwenzangu aliyejizungushia kamba kiganjani ili isimponyoke. Gogo lilikuwa dogo kuliko lako. Vidole viwili vilivunjika kabla hajapata muda wa kupiga kelele.

Na hili nawaambia wote wanaoita watu wa miti majumbani. Mkwezi hodari wa minazi ni mtu wa kuheshimiwa, lakini kupanda ni kazi moja na kuteremsha mzigo ni kazi nyingine. Muulizeni anayekuja: kamba ya kujifungia na kamba ya kushushia mizigo ni mbili tofauti? Kamba iliyowahi kupata mshtuko mkubwa anaifanya nini? Mimi huikata vipande papo hapo, asije mtu akaiokota na kuitundikia roho yake. Akikujibu kwamba kamba yake haijawahi kukatika, mlipe nauli aende. Huyo hajui ilipata nini mara ya mwisho, na bei yake ndogo mtailipia hospitali.

Kwako, kazi hii haihitaji kamba ya kushushia. Mwambie kijana kwanza aligonge shina kwa nyundo toka chini hadi anapofika. Likitoa mlio wa ngoma, lina uwazi ndani; asipande, mtafute jukwaa la kusimamia pembeni. Likiwa zima, akate vipande vya sentimita 30. Kila kimoja ni kilo 38 hivi, anakisukuma kwa mkono upande wa uani, mbali na bati. Mtaweka matairi machakavu chini, na asiwepo mtu wala mbuzi pale. Itachukua siku nzima badala ya saa tatu. Mlipe siku nzima.