Maswali ya Gereji: Stablaiza nene ya nyuma, naweza kuifunga nyumbani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Forester ya mwaka 2004, otomatiki, naishi Iringa. Biashara yangu inanipeleka Dar mara kwa mara, kwa hiyo Kitonga naishuka na kuipanda sana. Kwenye kona gari linalala upande mpaka abiria wa nyuma wanaegemeana, na nikiingia na mwendo kidogo pua inakataa kufuata usukani, inataka kwenda nje. Nimenunua stablaiza ya nyuma ambayo si ya kiwandani, mpya, unene milimita 22, ina matundu mawili kila ncha. Iliyopo nimeipima, ni milimita 16. Nina jeki iliyokuja na gari, spana, soketi na uwanja wa nyumbani. Naweza kuifunga mwenyewe? Na itanisaidia?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuifunga unaweza, ila si kwa jeki hiyo, na hilo nitalirudia. Nianze na swali lako la pili, maana wengi hufunga kwanza ndipo waulize wamefunga nini.

Stablaiza ni chuma chenye umbo la herufi U. Katikati kimeshikwa na bushi mbili, yaani vishikizo vya mpira au plastiki, na ncha zake zimeunganishwa kwa linki, vile vipande vifupi vya kuungia, na mikono ya magurudumu. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, chuma kinazunguka tu ndani ya bushi. Moja likipanda na jingine likishuka, kama inavyokuwa gari likilala kwenye kona, chuma kinajisokota na kupinga. Kazi yake ni hiyo tu. Haiongezi mshiko wa tairi hata kidogo. Ukikaza nyuma, tairi ya nyuma ya upande wa nje wa kona inabeba mzigo zaidi, za mbele zinapumua, na pua inaanza kutii usukani. Lakini nafuu hiyo ya mbele imekopwa nyuma: mkia nao unakaribia zaidi kuteleza.

Sasa tazama vipimo vyako. Kwa macho, 16 na 22 ni tofauti ya milimita 6. Ila ugumu wa chuma cha kujisokota hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Kama vyuma vyote viwili havina uwazi ndani na mikono yake ina urefu mmoja, hiyo mpya ni ngumu zaidi ya mara tatu na nusu. Hapo umelibadilisha gari tabia, na lazima ulijue upya kabla hujalipeleka mlimani.

Na mlima wenyewe ni Kitonga. Unaposhuka huku umekanyaga breki, uzito unakimbilia mbele na tairi za nyuma zinabaki nyepesi. Weka na mvua, weka na mafuta yaliyodondoka kwenye malori, halafu dereva ashtuke katikati ya kona aachie mafuta ghafla. Hapo ndipo mkia mgumu unapoponyoka. Kwa hiyo anza na tundu laini, nakusihi. Laini ni lile la mwishoni kabisa mwa ncha, kwa kuwa linaufanya mkono kuwa mrefu. Lililo karibu na mkunjo wa chuma ndilo kali. Pande zote mbili zitumie tundu linalolingana. Kwa barabara unayopita wewe, mimi ningebaki na laini moja kwa moja.

Kabla ya yote kagua shokapu, bushi za mikono ya nyuma na tairi. Shokapu inayovuja haiponi kwa stablaiza; gari litalala kidogo lakini litaendelea kudunda. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu na tairi zako zimekwisha, nunua tairi.

Tukija kwenye jeki. Iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi pembeni mwa barabara. Inanyanyua upande mmoja, na kazi hii inataka magurudumu yote mawili ya nyuma yawe usawa mmoja, la sivyo chuma cha zamani kinabaki kimejisokota, na ukifungua linki kinaruka, na kipya nacho hakitakubali kukaa. Azima jeki kubwa ya magurudumu na stendi mbili imara. Gari lina zaidi ya tani moja. Nimefundisha vijana wengi kazi hii, na sheria ya gereji yangu ni kwamba hakuna anayeingiza hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tofali halikubaliki, hupasuka bila kutoa taarifa. Ringi ya tairi iliyolazwa nayo haikubaliki. Uwanja ukiwa wa udongo, tandika ubao mgumu na mpana chini ya kila stendi. Na handbreki isikudanganye: inashika magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo uliyoyanyanyua. Weka giya kwenye P, kisha zibia tairi za mbele kwa kabari, mbele na nyuma ya kila moja.

Usiku wa kuamkia kazi nyunyizia boliti zote mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi nyanyua nyuma kwa jeki chini ya difu, lile kasha la giya katikati ya magurudumu ya nyuma, ukiweka kipande cha mbao katikati, ushushie gari juu ya stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa chini ya milango, kisha lisukume kwa nguvu kabla hujaingia. Likitikisika, anza upya. Fungua linki kwanza, halafu vibano vya bushi. Chuma kikigoma kutoka kwa sababu ya bomba la ekzosi, vua mipira inayolining'iniza na ulishushe kidogo, ukiliegemeza juu ya kitu lisije likavuta maungio yake.

Bushi mpya lazima ziwe na tundu la milimita 22. Za zamani hazitaingia, na anayekuambia uzichonge mkimbie. Bushi hizi za plastiki ngumu zipake ndani ile grisi inayokuja kwenye boksi. Ukizifunga kavu zitalia kila ukipita tuta. Rudishia vibano kwa mkono, kisha linki, hakikisha chuma kimekaa katikati na hakigusi bomba wala tangi, ndipo ukaze vibano kwa kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo, kwa spana ya kupimia mkazo.

Linki zenye bushi za mpira usizikaze mwisho gari likiwa hewani. Shusha gari mpaka uzito ukae kwenye tairi, au endesha tairi za nyuma juu ya mbao pana upate nafasi ya mkono, ndipo ukaze. Ukikaza zikiwa zinaning'inia, mpira unabaki umejinyonga muda wote gari likiwa chini, na utachanika mapema.

Kuna jambo la Subaru za kizazi chako ambalo wauzaji hawalitaji. Vile vishikio vya bati vinavyobeba vibano vya stablaiza viliundwa kwa chuma chembamba. Ukiweka cha milimita 22 hujipinda, na vingine hukatika. Vipo vilivyoimarishwa vinavyouzwa peke yake, na kwa unene huo ningevinunua kabla ya kuanza kazi. Linki zako zikiwa za plastiki, badilisha uweke za chuma.

Ukimaliza, jaribu barabara kavu unayoifahamu, mwendo mdogo, bila abiria. Utasikia pia kwamba shimo la upande mmoja linagonga zaidi kuliko zamani. Ndivyo ilivyo, magurudumu mawili sasa yamefungamana. Baada ya wiki rudi chini ukague boliti zote.

SWALI: Fundi, gari langu ni Vitz. Nataka kufunga stablaiza ya nyuma lakini chini sioni ya zamani. Kuna mtu anataka kunichomelea nondo.
Msomaji, Tanga

JIBU: Huioni kwa sababu nyuma ya Vitz yako kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, na boriti hiyo yenyewe hujisokota na kufanya kazi ya stablaiza. Kuna vyuma vya ziada vinavyotengenezwa kwa ajili ya boriti za namna hiyo, vinafungwa kwa boliti. Nondo ya kuchomelea usikubali kabisa. Si chuma cha springi, na moto wa kuchomelea unadhoofisha boriti pale pale inapojisokota. Ikipasuka uko barabarani, gurudumu la nyuma linakwenda linakotaka.

SWALI: Nilifunga stablaiza ya nyuma mwezi uliopita. Sasa inagonga "ko, ko" nikipita barabara ya mawe, lakini kwenye matuta kimya.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Umeshanipa nusu ya jibu. Kwenye tuta magurudumu hupanda pamoja, hivyo linki hazibebi mzigo. Kwenye mawe hupishana, na linki ndizo zinazovutwa. Shika kila linki kwa mkono gari likiwa limesimama juu ya tairi zake, uitikise. Ikicheza, kaza nati au badilisha linki. Zikiwa imara, hamia kwenye vibano: tundu la bushi likiwa kubwa kuliko chuma hata kwa milimita moja, litagonga hivyo hivyo.