Makovu ya tetekuwanga usoni kwa mtoto: anza kwa kutofautisha doa na shimo

Pole na kuuguza, mama. Umesema mwanao wa miaka mitano amepona tetekuwanga mwezi uliopita, uso umebaki na alama nyeusi, paji lina vishimo, na shuleni wenzake wameanza kumtania. Jirani anakushawishi ununue krimu ya kung'arisha, na kuna mchangiaji mwenzetu aliyekwambia umpake ndimu. Mimi niko hapahapa Dodoma, Ipagala. Wanangu wote wawili waliugua, mkubwa akaanza, na alipokaribia kupona mdogo naye akadondoka, maana ndivyo ugonjwa wenyewe unavyokwenda kwenye nyumba.

Kabla hujanunua chochote, jua unachokitibu. Watu tunaita yote makovu, kumbe kuna doa na kuna shimo. Jioni mkalishe mtoto, washa tochi ya simu na uishike usawa wa sikio lake ili mwanga upite shavuni kwa ubavu. Alama iliyo tambarare, nyeusi tu, ni doa. Inayotupa kivuli ndani yake ni shimo. Halafu fumba macho upitishe ncha ya kidole: doa hulisikii kabisa. Mwanangu mdogo alikuwa na shavu limejaa alama hadi bibi yake akatokwa machozi, lakini tulipommulika mashimo ya kweli yalikuwa ya kuhesabu, mawili katikati ya nyusi na moja ubavuni mwa pua. Mengine yote yalikuwa rangi.

Doa linatoka lenyewe. Ngozi yetu nyeusi ikiumia huzalisha rangi nyingi kupita kiasi pale palipoumia, na rangi hiyo hupungua taratibu kadiri ngozi inavyojivua. Ni suala la miezi, wengine hufika mwaka, kwa hiyo anayekuahidi wiki mbili ana biashara yake. Kinacholichelewesha ni jua na kujikuna, na Dodoma tumejaliwa vyote viwili. Jua letu halina mti wa kulizuia, na kuanzia Juni ule upepo mkavu ukianza ngozi inapauka, ikipauka inawasha, ikiwasha mtoto anakuna. Mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara tu anapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Akienda kucheza mvalishe kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kepi haisaidii, inafunika paji na kuyaacha mashavu. Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 kwenda juu hupatikana kwenye famasi kubwa mjini, ila bei imechangamka. (Ile Kilisun inayotengenezwa Moshi ina wenyewe, ni ya ndugu zetu wenye ualbino. Tuwaachie.)

Shimo ni habari nyingine. Pale tabaka la chini la ngozi limeumia, ama kwa sababu gamba lilibanduliwa kabla halijawa tayari, ama bakteria waliingia kukawa na usaha. Hakuna krimu inayojaza shimo, ya elfu tano wala ya laki moja. Habari njema ni kwamba kovu la mtoto huendelea kubadilika: kingo zake hulainika, na uso unapokua lenyewe halionekani sana. Subirini mwaka hivi kabla ya kuamua kama linahitaji tiba. Tiba zipo, za mionzi ya leza na za sindano ndogondogo, lakini hakuna daktari wa ngozi mwenye haraka ya kumfanyia hivyo mtoto wa miaka mitano.

Kovu la kuwahi ni lile linaloinuka. Ukiona linavimba, linawasha na kutanuka kuvuka mpaka wa kidonda chenyewe, hasa kama kwenye ukoo wenu kuna mwenye makovu ya namna hiyo, mpeleke mapema kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya rufaa. Likiwa dogo linadhibitika vizuri zaidi kwa jeli ya silikoni au sindano.

Sasa hiyo krimu ya jirani. Nitasema wazi: huo ni mkorogo, na mkorogo haupakwi mtoto. Vikopo vingi vya namna hiyo ndani vina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, vingine haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Vinavutia kwa sababu mwanzoni uso unang'aa kweli. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, inatoka vipele, na ukiacha rangi inarudi nyeusi kuliko mwanzo. Ngozi ya mtoto hufyonza dawa kuliko ya mtu mzima, na zebaki inaharibu figo. Kikopo kisicho na orodha ya vilivyomo, usikifungue. Ndimu nayo, aliyekushauri anisamehe, ukiipaka ngozini kisha mtoto akatoka juani inaunguza na kuacha doa jipya jeusi zaidi ya ulilokuwa unalifuta.

Kwa mnaosoma hapa huku mtoto bado ana malengelenge, ninyi ndio mna nafasi kubwa kuliko sisi wengine, maana kovu linazuiliwa sasa. Kata kucha fupi kabisa, usiku mvalishe soksi mikononi. Losheni ya kalamaini inapunguza muwasho, na dawa ya kuzuia mwasho ili alale muulize mfamasia kipimo cha umri wake. Homa ni parasetamoli, asipirini hapana, na ibuprofeni iacheni pia. Mtoto aoge kila siku. Mama mkwe wangu aliamini maji yatazidisha ugonjwa, ila akakubali kuchemsha mwarobaini, nami sikubishana naye: maji yalikuwa ya uvuguvugu na mtoto alioga. Mkaushe kwa kugusagusa, usisugue. Gamba lipakeni mafuta ya mgando lisipasuke, na lidondoke lenyewe. Lengelenge likiwa jekundu pembeni, la moto na lenye usaha, hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kutaniwa, nenda kaonane na mwalimu wa darasa. Mara nyingi watoto wanamkwepa mwenzao wakidhani bado anaambukiza, kumbe malengelenge yote yakishakauka na kuwa magamba, haambukizi tena. Mwalimu wa mwanangu aliwaambia hivyo darasani, na akamruhusu kuvaa kofia uwanjani wakati wa mapumziko.