Karatasi ya kuuziana gari

Ndugu yangu, umeuliza kama karatasi ya mkono yatosha kumuuzia jirani Probox, au lazima uende kwa wakili. Yatosha, bora iwe imekamilika. Andika majina na nambari za vitambulisho vyenu wote wawili, nambari ya usajili, ya chesisi na ya injini. Hizo mbili za mwisho usizinakili tu kutoka logbuku, yaani hati ya usajili wa gari: fungua boneti, piga tochi, linganisha tarakimu moja moja. Kisha bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilicholipwa na kilichobaki, na kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo. Sahihi zenu, shahidi mmoja kila upande, nakala mbili.

Watu husahau saa. Mie niliuza gari mchana, jioni ile ile mnunuzi akagonga tuktuk pale Likoni. Polisi wakanipigia mimi, maana sheria humhesabu mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitike vingine. Kilichoniokoa ni mstari mmoja: "Nimekabidhi ufunguo saa tisa na robo alasiri."

Lakini karatasi haihamishi umiliki. Hilo hufanywa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: wewe waanzisha, mnunuzi akubali kwa akaunti yake. Sheria yampa siku 14 tu za kulitumia gari bila kubadilisha jina. Na kama atalipa kidogo kidogo, hata awe jirani wa ukuta mmoja, usianzishe mpaka shilingi ya mwisho iingie.