Kabla hujanunua koilova za Altezza

Vijana wenye Toyota Altezza huniuliza sana swali hili: "Kaka, nina laki saba, nichukue koilova zipi?" Koilova ni springi na shokapu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja, urefu wake unarekebishwa. Jibu langu huwa halipendwi: usichukue zozote. Za bei hiyo ama ni ngumu kiasi cha kuruka kwenye kila kiraka cha lami, ama ni za mtumba zilizoshikana kutu hata kuzirekebisha urefu haiwezekani.

Kumbuka unaendesha gari gani. Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, ikasimamishwa 2005. Ina wishboni mbili (mikono ya chuma inayoshika gurudumu, wa juu na wa chini) kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Gari hilo lilitengenezwa likate kona. Likianza kuyumba ukipita kasi kidogo, usiwalaumu Toyota; raba zimekufa. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani ina raba za miaka 20, tena zimekula matuta ya Morogoro Road.

Kwa hiyo laki saba zako zianzie kwenye bushi, yaani hizo raba zilizo kwenye maungio ya mikono hiyo. Inua gari, weka stendi (usiamini jeki peke yake), kisha pitisha mtaimbo mwembamba kati ya mkono wa chini na chasisi, usukume. Bushi nzima inapinda kidogo na kurudi. Iliyochoka utaona mpasuko, au chuma cha katikati kinacheza peke yake. Halafu shika tairi juu na chini ulitikise, usikilize bolijointi (kiungo kinachounga mkono na gurudumu). Kisha kushoto na kulia, usikilize tairodi (fimbo inayounga usukani na gurudumu). Bolijointi ya chini ya mbele usiifanyie ubahili kabisa. Ikichomoka, gurudumu linalala ndani ya fenda na usukani haukusaidii kitu.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi nzuri. Bushi ya raba imegandishwa kwenye vyuma vyake vya ndani na nje, haizunguki, inajipinda. Fundi akikaza bolti huku gari linaning'inia kwenye jeki, bushi inashikwa ikiwa kwenye mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari chini, raba inabaki imesokotwa kama nguo inayokamuliwa, saa 24, hata gari likiwa limepaki. Baada ya muda mfupi imechanika, na fundi atakuambia spea za siku hizi feki. Mwambie akaze kidogo tu kwanza, gari lisimame kwa matairi yake au mkono uinuliwe kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida, ndipo akaze moja kwa moja. Simama pale pale uone. Atanuna, mnunulie soda.

Shokapu zifuate. Kubonyeza bodi kwa mikono hugundua tu zilizokufa kabisa. Ukienda Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, kutafuta za mtumba, simamisha shokapu wima, bonyeza fimbo hadi chini uivute tena mara kadhaa. Uzito uwe uleule njia nzima. Ikikatikakatika au ikiwa nyepesi sehemu fulani hata baada ya kuipampu, rudisha. Yenye mafuta kwenye fimbo usiijadili hata bei. Na nunua jozi, kulia na kushoto, toleo moja.

Kukata springi kwa grainda nakukataza. Springi fupi inakuwa ngumu zaidi, shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kutembea, na gari likiruka springi inaweza kutoka kwenye kikalio chake. Ukitaka kushusha, tafuta springi zilizotengenezwa fupi, na sentimita 3 zinatosha kwa barabara zetu.

Ukishagusa chochote kati ya hivyo, piga alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa matairi. Kuna watu wanabadilisha nusu ya gari halafu wanabania hela ya alaimenti, tairi zinaliwa upande wa ndani wasijue.

Na tairi zenyewe ndizo zinazoshika lami, hivyo za mtumba zilizokauka zitaua kazi yote. Saizi ya RS200 (toleo mojawapo la Altezza) yenye rimu za inchi 17 ni 215/45R17. Pembeni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuapia kwamba ni mpya, mwoneshe hizo.