Barua kwa mwanangu: kuhusu tiketi za Indianapolis

Oktoba 2025

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na kama kawaida mama yako amezipokea kabla yangu na kuzijibu kwa niaba yangu. Sisi wazima. Majani yameanza kuanguka, na mama yako na reki yake hawaelewani.

Umeniandikia mistari miwili tu: "Baba, Huskies mwaka huu wanafika? Ninunue tiketi za Indianapolis sasa hivi bei ikiwa bado ya kibinadamu, au nisubiri?" Swali fupi: kama Huskies wetu, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, watafika Nne Bora, hatua ya mwisho ya ubingwa wa vyuo vya Marekani. Nimekaa nalo wiki nzima, hata juzi nikapita njia yangu ya kutokea barabara kuu, nikajikuta nakaribia Hartford.

Nianze na yale unayoyajua, tuyamalize. Karaban karudi. Huyo alikuwemo fainali ya 2023 tulipowafunga San Diego State 76 kwa 59, akawemo ya 2024 Purdue walipolala 75 kwa 60, na Machi iliyopita alikuwemo Florida walipotutoa kwa pointi mbili, 77 kwa 75. Ameonja asali na shubiri. Reed yupo chini ya kikapu, Solo Ball yupo na mitupo yake ya mbali, Stewart yupo. McNeeley kakaa mwaka mmoja, kaenda zake NBA. Diarra kamaliza. Wa kuushika mpira sasa ni wageni wawili waliohamia kwetu, Demary aliyetoka chuo cha Georgia na Smith aliyetoka cha Dayton. Halafu kuna Mullins, kijana mpya, mzaliwa wa Indiana, na yule Mjerumani mrefu, Reibe. Kura ya AP, ile ya waandishi wa habari ya kupanga timu bora, imetuweka wa 4. Florida wa 3. Nilipoiona hiyo 3 juu ya 4 yetu nilikunja gazeti.

Kwa karatasi, basi, tuko vizuri. Ila wewe umekulia nyumba hii, unajua nitakachosema. Watano wanaojuana huwafunga watano wanaojulikana. Nilikwambia ukiwa na miaka saba, nikakwambia siku unahitimu, na leo narudia. Mchezo wa Hurley, kocha wetu, si wa mtu mmoja kupewa mpira na wanne kusimama kumtazama. Ni wa kukimbia bila mpira: huyu amzuie mlinzi, yule apite nyuma yake, wa tatu ajifanye anatoka kisha arudi ndani, na pasi iwe imeshaondoka mkononi kabla mpokeaji hajageuza kichwa. Hilo halifundishwi kwa wiki sita za mazoezi. Lazima ujue mwenzako akichoka huegemea bega gani. Ulisahau mashindano ya Maui Novemba iliyopita? Siku tatu, mechi tatu, vipigo vitatu: Memphis, Colorado, Dayton. Na kocha wetu kujibwaga chali sakafuni kwa ajili ya filimbi moja. Mabingwa wa miaka miwili mfululizo! Wanajulikana, lakini hawakuwa wanajuana bado.

Utasema, baba, mbona Newton alitoka East Carolina akawa mchezaji bora wa fainali za 2024? Kweli. Ila Newton alikaa nasi miaka miwili, mwaka wa pili akawa mwenyeji. Utasema, na Cam Spencer? Alitoka Rutgers, akacheza msimu mmoja tu, akaondoka na taji. Huyo Spencer amenishinda. Nimejaribu kumjibu nikiendesha gari, nimejaribu nikioga, sina jibu. Labda wapo watu wanaofahamiana na kila mtu siku ya kwanza, kama mjomba wako kwenye misiba.

Zamani ukihama chuo ulikaa mwaka mzima benchi unajifunza sura za wenzako. Tangu 2021 unahama leo unacheza kesho, na kuanzia 2024 unahama mara upendazo. Sasa tangu Julai vyuo vyenyewe vinawalipa wachezaji moja kwa moja. Sipingi walipwe. Nilipowaona vijana wale wamejaza ukumbi wetu wa Gampel watu elfu kumi na posho yao ni chakula na vitabu, nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ninachouliza ni kama moyo wa mtu huhamia haraka kama mizigo yake. Spencer anasema ndiyo. Haya.

Lakini hukuniuliza hilo. Uliuliza kama wanafika.

Ngoja nikwambie kitu ambacho nadhani hatujawahi kukizungumza vizuri, ingawa wote tunakijua. Ile alama ya penseli juu ya mlango wa jikoni bado ipo. Wachoraji walipokuja kupaka rangi waliifuta, nikapanda kiti nikaipima upya: futi 7 na inchi 3. Ulikuwa unasimama chini yake kila Jumamosi, umenyoosha mkono, unaniuliza umebakiza kiasi gani umfikie Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, ameanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, na wakati ule Storrs nzima, mji wa chuo chetu, ilikuwa inapaza sauti kwa jina la kwetu. Kazini walikuwa wananiuliza kama ni ndugu yangu. Nilikuwa nawajibu, "Kwa mbali."

Mwaka ule, 2009, tulikuwa na timu. Ukiniuliza timu iliyojuana, ni ile. Price, Adrien, Robinson, Thabeet, na Kemba akiwa bado mtoto wa mwaka wa kwanza. Februari goti la Dyson likaenda, msimu wake ukaishia hapo. Goti moja! Mpaka leo nasema, na Dyson mzima, Aprili ile ingekuwa nyingine. Kwa hiyo hata kabla sijakujibu, ujue kwamba unayemwuliza hana uwezo wa kuona magoti ya watu.

Basi ikafika Alhamisi ile ya tarehe 12 Machi, robo fainali ya Big East, ligi yetu ya vyuo, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, sisi na Syracuse. Kesho yake ilikuwa shule, na mama yako alikuwa ameshasema neno lake la mwisho mara tatu. Nikakuombea ruhusa. Ulikuwa umejifunika lile blanketi la buluu, miguu yako juu ya mapaja yangu, soksi moja ipo, moja haijulikani ilipo. 71 kwa 71. Imebaki sekunde moja na kitu. Wao wakarusha mpira mrefu toka upande wa pili wa uwanja, ukaguswa, ukamwangukia Devendorf, naye akatupa toka mbali. Ukaingia. Taa nyekundu ikawaka. Akaruka juu ya meza ya waandika matokeo, amefungua mikono kama mtu aliyeshinda ubunge.

Nikazima televisheni.

Sikusubiri waamuzi. Nilibonyeza rimoti kwa nguvu mpaka betri ikachomoka, nikakwambia, "Imekwisha. Twende ukalale." Ukasema, "Baba, labda hawajahesabu." Nakumbuka maneno yako yote, hayakuzidi hayo. Nikakujibu kwamba mimi naujua mpira, nikakubeba, nikakufunika, nikazima taa.

Unajua kilichofuata. Waamuzi wakatazama picha, wakaona mpira bado uko kwenye ncha za vidole vyake saa imeshafika sifuri. Kikapu hakikuhesabiwa. Mjomba wako akapiga simu saa sita imepita anapiga kelele, "Unaiona hii?" Mimi nimekaa gizani na chai. Nikawasha. Nyongeza ya tatu, zile dakika tano tano za kuvunja sare, ilikuwa inaanza.

Nilisimama mlangoni pako. Hili ndilo ambalo sijakwambia. Nilisimama na mkono kwenye kitasa, na wewe ulikuwa umelala upande, mdomo wazi. Nikajiambia nisimwamshe mtoto, kesho shule. Si kweli, mwanangu. Shule ningekuandikia barua ya udhuru. Niliona aibu. Ningekuamsha ningelazimika kusema kwamba wewe wa miaka tisa ulikuwa umeona na mimi niliyejifanya mjuzi sikuona.

Nikaangalia peke yangu, nimepunguza sauti mpaka chini. Nyongeza tano za kwanza, katika zote Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Sisi tunaongoza, wao wanasawazisha, tunaongoza, wanasawazisha. Wachezaji wakawa wanatolewa kwa faulo mmoja mmoja. Yule Flynn wao alicheza dakika 67 kati ya 70, wala hakuwa anachechemea, mshenzi yule, Mungu anisamehe. Ya sita wakatangulia, wakaenda moja kwa moja. 127 kwa 117, saa saba na dakika 22 usiku.

Asubuhi ukaniuliza, "Tulifungwa?" Nikasema, "Tulifungwa." Sikudanganya hata neno moja. Ukanywa uji, ukaenda shule.

Jioni ulirudi, hukuvua begi, hukuvua viatu. Ukasema, "Baba, zilikuwa nyongeza sita." Hukuuliza. Ulisema tu, ukapita, na mlango wa chumba chako ukaufunga taratibu. Ungeubamiza ningefurahi.

Wiki tatu baadaye tukaenda Nne Bora kule Detroit, Jumamosi tarehe 4 Aprili, Michigan State wakatumaliza 82 kwa 73. Hiyo uliitazama mpaka mwisho, kwa sababu nilikaa juu ya rimoti. Tangu siku ile, umeona mwenyewe, sijatamka "imekwisha" mbele ya mtu. Mama yako husema ndiyo maana hata ugomvi wa nyumba hii hauna mwisho.

Kwa hiyo usitegemee niseme wanafika au hawafiki. 2011 tulimaliza Big East tukiwa wa 9. Wa 9! Nani mwenye akili angenunua tiketi ya Nne Bora ya Houston Februari ile? Kemba akashinda mechi tano za Big East kwa siku tano, na Aprili tukawafunga Butler 53 kwa 41. Hapo tena Kemba ananiharibia kanuni yangu, maana yule alikuwa mmoja anayejulikana kuliko wote. Ingawa ukitazama vizuri, wenzake walimjua: walikuwa wanaondoka njiani kabla hajawaambia. Naomba hiyo ihesabiwe upande wangu.

Ukitaka kujua kitu kabla ya Machi, usitazame kura wala usitazame pointi za Ball. Tazama mechi ya Kansas nyumbani kwao mwanzoni mwa Desemba, halafu ile ya tarehe 9, Florida, palepale Madison Square Garden. Hesabu mara ngapi Demary anamtupia mtu pasi kabla hajamwangalia. Akianza kufanya hivyo, wamejuana. Akiwa bado anainua kichwa kutafuta jezi, basi tuvumilie mpaka Februari. St. John's ya kocha Pitino nayo ipo, ilichukua Big East yote mwaka jana, na Pitino hajawahi kumwachia mtu kitu kwa huruma.

Nina maoni, usidhani sina. Nimeyaandika kwenye karatasi, nimeiweka ndani ya ile kopo ya biskuti yenye vifungo. Mama yako ameshaisoma na amecheka, kwa hiyo usimpigie simu kumwuliza, atakuambia.

Kuhusu tiketi: usinunue bado. Bei itapanda, najua, nitachangia nusu. Ila nimeangalia kalenda. Nne Bora ya Indianapolis ni Jumamosi tarehe 4 Aprili, mkesha wa Pasaka. Tarehe ileile. Mama yako nimeshamwambia kwamba mwaka huu kanisani ataenda na dada yako. Wewe usimwahidi mtu yeyote jambo lolote siku hiyo, na ukija, soksi zako mbili zije zote.

Baba yako